Tajiri kanunua klabu, hela imeenda wapi? Dhana potofu ninazozisikia kila msimu wa usajili

Kazi yangu ni hesabu za watu: maduka, wenye malori, kampuni ndogo ndogo. Dirisha la usajili likifunguliwa kila anayeleta mafaili lazima tuanze na mpira kwanza, sawa, mi mwenyewe mpenzi wa mpira sana, ila kuna sentensi moja nimeichoka: "Tajiri kaitoa bilioni nzima kuinunua klabu, mbona hasajili?" Na wanaosema hivyo ni wafanyabiashara kabisa, watu wanaojua mtaji ni nini, gawio ni nini, ila wakifika kwenye mpira vyote vinayeyuka. Sasa naandika, atakayeniuliza tena namtumia hii.

Dhana: hela ya kununua klabu inaingia klabuni

Haiingii. Hela ya kununua hisa anapewa aliyekuwa na hizo hisa, basi. Mwaka 2018 Stan Kroenke alipotaka Arsenal yote iwe yake alimlipa Alisher Usmanov pauni milioni 550 kwa asilimia 30 hivi alizokuwa nazo. Zote zikaenda kwa Usmanov, Arsenal yenyewe haikupata hata ya kununulia beki wa akiba, lakini huku mtaani watu walishaanza kupanga kikosi kipya.

Hili naliona mpaka ofisini. Ndugu wawili wana duka la vifaa vya ujenzi, mmoja kachoka na biashara kauza nusu yake kwa mtu wa nje, baada ya muda yule aliyebaki anakuja na mwenzake mpya wananiwekea bank statement mezani, kidole kwenye salio la mwisho, wananiuliza mbona akaunti ya duka haijapanda wakati mwenzetu katoa hela yote ile. Katoa kweli, ila kampa ndugu yako. Duka litanufaika akinunua hisa mpya zinazotolewa na duka lenyewe, au akilikopesha, au akitoa tu bure. Kwenye mpira ongeza njia moja, kampuni yake nyingine kuingia kama mdhamini, na hiyo ndo inaleta ugomvi wa kama bei ya udhamini ni ya haki au imepandishwa makusudi.

Dili la Jim Ratcliffe na Manchester United linaonyesha hela za aina zote mbili kwa pamoja, ndo maana napenda kulitumia. Februari 2024 alinunua asilimia 25 kwa dola 33 kila hisa, hiyo ni zaidi ya dola bilioni moja, na ilienda kwa familia ya Glazer, wenye klabu, na wanahisa wengine waliokubali kuuza. Pembeni yake kulikuwa na dola milioni 300 za hisa mpya, 200 za kuanzia na 100 kabla mwaka haujaisha, na hizo ndo zilizoingia klabuni, tena ilitajwa wazi ni kwa ajili ya miundombinu. Sasa mtu anakwambia Ratcliffe kamwaga bilioni United! Kaweka milioni 300, nyingine kawalipa watu.

Na kuna hali mbaya kuliko hiyo, pale ambapo hela haiingii kabisa halafu inaanza kutoka. 2005 Malcolm Glazer aliichukua United kwa karibu pauni milioni 790, sehemu kubwa ilikuwa mikopo, na sehemu ya mikopo hiyo dhamana yake ilikuwa mali za klabu yenyewe. Ni sawa na mtu anunue duka lako kwa mkopo wa benki halafu marejesho yakatwe kwenye mauzo ya duka hilohilo. Klabu haikuwa na deni, ghafla ina mzigo. Ndani yake kulikuwa na mkopo wa aina ambayo riba hailipwi kwa mwezi wala kwa mwaka, inarundikwa juu ya deni mpaka siku ya mwisho, na kufikia 2010 riba yake ilikuwa imefika asilimia 16.25. Mimi mteja wangu akinionyesha mkopo kama huo namwambia funga kila kitu tuongelee huu kwanza. Mwaka huohuo ikabidi klabu iuze hati fungani za kama pauni milioni 500 kupanga upya madeni, na 2012 walipopeleka hisa soko la New York kwa dola 14 karibu nusu ya mapato ilienda kwa familia, nusu ndo ikaenda kupunguza deni, na hisa za familia zikabaki na kura kumi kila moja wakati ya kwako wewe mnunuzi ina kura moja. Ndio, mapato ya biashara yalipanda sana chini yao, sikatai, ila mamia ya mamilioni yameishia kwenye riba na uwanja ukaachwa unavuja. Wale mashabiki waliovaa skafu za kijani na njano 2010 kuwapinga Glazer, na wale waliojitenga 2005 wakaanzisha FC United of Manchester, walikuwa wamesoma hesabu vizuri kuliko wachambuzi wengi wa redioni.

Ushauri wangu, na wateja wangu wanaujua kwa moyo: ukisikia dili lolote uliza hela imeingia akaunti ya nani. Usiishie kwenye vichwa vya habari. Klabu za Uingereza hesabu zao zipo Companies House, ofisi yao ya usajili wa makampuni, unazisoma bure mtandaoni, nenda moja kwa moja ukurasa wa mtiririko wa fedha utafute vitu viwili tu, hisa mpya zilizotolewa na mikopo kutoka kwa mwenye klabu. Kama vyote ni sifuri basi tajiri wako hajaweka mtaji wala mkopo mwaka huo hata kama anaonekana jukwaani kila Jumamosi.

Na kwetu hapa swali ni hilohilo. Mo Dewji alishinda zabuni ya Simba Desemba 2017, shilingi bilioni 20 kwa asilimia 49, kwa sababu kanuni za serikali zinataka wanachama wabaki na 51. Tofauti na Arsenal, pale hakukuwa na mwanahisa wa zamani wa kulipwa, kwa hiyo hela kama hiyo mahali pake ni kwenye klabu na inatakiwa ionekane kwenye hesabu zilizokaguliwa. Mwanachama anayesimama mkutano mkuu kuziulizia anafanya wajibu wake, na inaniuma sana ninapoona anazomewa eti ni mamluki.

Dhana: mkopo wa tajiri ni zawadi

Mkopo ni deni mpaka siku utakapofutwa au kugeuzwa hisa. Roman Abramovich aliikopesha Chelsea karibu pauni bilioni 1.5, hakudai riba, watu wakasahau kabisa kwamba kuna deni. Ilipofika Machi 2022, alipotangaza anaiuza klabu, kila mtu akashtuka anauliza je akizidai? Akasema hazidai, klabu ikauzwa kwa bilioni 2.5, lakini angalia jinsi klabu nzima ilivyokuwa inategemea neno la mtu mmoja. Linganisha na Leicester, mwaka 2013 wenye klabu waligeuza deni la pauni milioni 103 kuwa hisa. Hapo klabu inapumua kweli, na miaka mitatu mbele wakachukua ubingwa.

Dhana: jina lililo kifuani ndo mwenye klabu

Jamani. Emirates wanalipia tangazo, Arsenal ni ya Kroenke. Visit Rwanda kwenye mkono wa jezi ilianza 2018, nayo ilikuwa tangazo la utalii, Kigali haijawahi kuwa na hisa Arsenal.

Dhana: hela inanunua kombe

Inanunua nafasi ya kujaribu. PSG walichukuliwa na Waqatari 2011, Ligi ya Mabingwa waliipata kwa mara ya kwanza 2025, tena Messi, Neymar na Mbappé wakiwa wameshaondoka wote. Karibu zaidi, Azam FC wana kampuni kubwa nyuma yao na uwanja wao Chamazi, ila ubingwa wa Bara waliochukua ni ule wa 2013/14 bila kufungwa.

Dhana: klabu ya wanachama haina madeni

Barcelona ni ya wanachama. 2021 madeni yake yalipita euro bilioni moja, Messi akaondoka analia, na 2022 wakauza asilimia 25 ya haki zao za televisheni za ligi kwa miaka 25. Wanachama wasiposoma hesabu hali ni ileile ya tajiri mbovu, tofauti ni kwamba hapa hujui umlaumu nani.

Dhana: ukiwa na mwenye hela unasajili unavyotaka

Uingereza kanuni iliweka ukomo wa hasara, pauni milioni 105 kwa miaka mitatu. Everton walikatwa pointi 10, rufaa ikashusha hadi 6, kisha wakakatwa 2 nyingine msimu huohuo, Nottingham Forest wakakatwa 4. Bei ya mchezaji nayo kwenye vitabu inagawanywa kwa miaka ya mkataba, ndo maana Enzo Fernández wa Chelsea, wa karibu pauni milioni 107 kwa mkataba wa miaka minane na nusu alihesabika kama milioni 12 na nusu hivi kwa mwaka, mpaka UEFA na Ligi Kuu ya Uingereza wakaweka kikomo cha kugawanya kwa miaka mitano. Na Newcastle, ambao nyuma yao kuna mfuko wa taifa wa Saudi Arabia, Juni 2024 ilibidi wawauze Elliot Anderson na Yankuba Minteh haraka haraka kabla ya tarehe 30 ili hesabu zikae sawa, na Anderson alikuwa kijana wa maeneo ya palepale, aliyekulia kwenye akademi yao.