Namba nyeupe kwenye behewa la mfano: weupe unautoa wapi?

Printa ya nyumbani haina wino mweupe. Ukichapa picha ya Kibo, ile theluji si wino, ni karatasi iliyoachwa wazi. Kwenye karatasi ya kawaida hilo halimsumbui mtu. Linasumbua unapotaka namba nyeupe ubavuni mwa behewa dogo lililopakwa rangi ya damu ya mzee, kwa sababu namba hizo huchapwa kwenye dikali, yaani filamu ang'avu juu ya karatasi, ambayo ukiilowesha huteleza na kukaa juu ya rangi nzito. Programu itakuonyesha herufi nyeupe kwenye kioo, printa itapita bila kuweka kitu, nawe utabaki na karatasi tupu.

Kwa hiyo swali la kwanza ni weupe utoke wapi: kwenye karatasi, kwenye tona (unga wa printa ya leza), au kwenye rangi uliyoipuliza mapema. Njia zote tatu nazitumia hapa Arusha, na uamuzi unategemea ukubwa wa herufi kuliko kitu kingine chochote.

Natengeneza kwa skeli ya 1:87, yaani mfano ni mdogo mara 87 kuliko kitu halisi. Reli yetu yenye upana wa mita moja inakuwa milimita 11.5, ndiyo maana njia za mfano za aina hii huuzwa zikiwa na upana wa milimita 12. Herufi ya sentimita 15 kwenye behewa halisi inashuka hadi milimita 1.7. Printa ya nukta 600 kwa inchi huweka nukta moja kila milimita 0.042, hivyo herufi hiyo inapata nukta 40 kwenda juu, na unene wa mstari wake nukta sita au saba. Inasomeka vizuri sana. Maandishi yanayotaja uzito wa behewa, yale ya sentimita 5, yanapata nukta 13 hivi, na mstari wake nukta mbili. Huo ndio mpaka. Chini ya hapo unachapa vumbi.

Vipimo vya herufi navitoa kwenye picha. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911 na Arusha 1929, na kuanzia 1948 hadi 1977 njia hii ilikuwa chini ya shirika la reli la Afrika Mashariki. Ukimpata mzee aliyefanya kazi reli na ana albamu, mwombe kwa heshima uipige picha ukurasa kwa ukurasa. Hakuna duka linalouza kitu hicho. Kwa mabehewa ya sasa, treni ya abiria ilirudi Moshi 2019 na Arusha 2020, lakini kabla ya kutoa simu yako muone mkuu wa stesheni akupe ruhusa. Simama ukitazamana na ubavu moja kwa moja. Ukijua urefu wa behewa, urefu wa herufi unaupata kwa kugawanya tu. Kisha zichore kwa Inkscape, ambayo ni ya bure, badala ya kutafuta fonti inayokaribiana. Herufi za mabehewa mara nyingi zilipakwa kwa stensili, na zile nafasi ndogo zinazokata mstari ndizo zinazolipa behewa sura yake. Fonti nyingi za kompyuta hazina hizo.

Sasa karatasi. Ipo karatasi ya dikali yenye filamu nyeupe. Hapo unachapa mandharinyuma yenye rangi ya behewa na kuziacha herufi wazi. Ubaya wake ni mawili: rangi ya printa haifanani na rangi ya kopo, na ukingo uliokatwa unaonyesha mstari mweupe. Wengi hukata kijisanduku kuzunguka namba, kisha wanashangaa kinavyoonekana kama kiraka. Dawa ni kutokata karibu na namba hata kidogo. Chapa paneli nzima, kutoka mbavu moja ya behewa hadi nyingine, ili ukingo ujifiche kwenye kona ya mbavu ambako jicho linatarajia kivuli. Kuhusu rangi, chapa kwanza ukanda wa vipande vyenye tofauti ndogo ndogo, uvipulizie vanishi ileile utakayomalizia, ndipo uvilinganishe na behewa nje kwenye mwanga wa jua. Taa ya sebuleni hudanganya. Ukingo mweupe unapakwa rangi ya behewa kwa ncha ya brashi kabla ya kuloweka.

Tona nyeupe ndiyo njia ninayoipenda zaidi kwa maandishi madogo. Zipo katriji za tona nyeupe zinazokaa mahali pa nyeusi kwenye baadhi ya printa za leza, na OKI wametengeneza printa zenye nyeupe kabisa. Zamani Alps ya Japani walikuwa na printa ya utepe iliyochapa nyeupe nzuri, lakini haitengenezwi tena. Kwa katriji ya kubadilisha, unachora kwa nyeusi na inatoka nyeupe kwenye filamu ang'avu. Huhitaji kuinunua, tafuta mchapaji wa fulana au kadi mwenye tona hiyo na umpelekee karatasi yako. Hakikisha ni karatasi ya dikali ya leza. Ile ya printa ya wino ikipita kwenye roli la moto la leza, ambalo hukaribia nyuzi 200, filamu yake inaweza kuyeyuka na kuharibu mashine ya watu. Mwambie pia achague mpangilio wa karatasi nene, na achape kwa asilimia 100, si kwa "kutosheleza ukurasa".

Tona nyeupe safu moja hupitisha rangi ya chini kidogo. Juu ya damu ya mzee inaelekea waridi. Kwa namba kubwa naweka dikali ya pili juu ya ya kwanza baada ya kukauka. Kwa maandishi ya uzito naacha ilivyo, kwa sababu kuzilinganisha herufi za nusu milimita mara mbili ni kuzifanya zisisomeke.

Herufi kubwa za milimita tano kwenda juu sizichapi kabisa. Napuliza nyeupe, nabandika herufi za stika, napuliza rangi ya behewa, kisha nabandua. Stika zinakatwa na vijana walewale wanaopamba daladala, wana plota, mashine ya kukata stika. Ukiwapelekea herufi ndogo watakwambia, "Kaka, hii kisu kitaichana," na wana haki. Ila usiiache stika yenyewe juu ya behewa: unene wa milimita 0.08 kwa skeli hii ni kama bati la milimita 7 limegongelewa pale.

Kubandika dikali kunataka uso unaong'aa. Juu ya rangi kavu isiyong'aa, hewa inanaswa chini ya filamu na kutoa weupe wa fedha usiotoka tena. Puliza vanishi ya kung'aa kwanza, mchana jua likiwa juu. Wakati wa masika unyevu huigeuza kuwa ya maziwa, hivyo Aprili mimi nachora tu, sipulizi.

Maji nayo yana lake. Ya bomba hapa kwetu yana madini mengi, na tone likikauka kwenye rangi nzito linaacha duara jeupe. Natumia maji yaliyosafishwa ya kuongezea betri, na muuzaji lazima aelewe kwamba hutaki asidi. Loweka sekunde 20 hadi 30, weka kando mpaka filamu iteleze yenyewe, isukume kwa brashi, usiivute kwa kibano. Tone la siki nyeupe iliyozimuliwa chini yake huisaidia kulala. Kwenye misumari na mbavu tumia kilainishi cha dikali kama Micro Sol na usiiguse filamu inapokunjamana, itajinyoosha ikikauka. Ikipita siku nzima, futa alama za maji kwa pamba yenye unyevu, kisha puliza vanishi isiyong'aa, safu nyembamba mbili, mpaka ukingo wa filamu usionekane hata ukilaza behewa dhidi ya mwanga wa dirisha.