Karanga, gunia na kinu: dhana potofu kuhusu akiba ya chakula kwenye nyumba yenye mzio

Mwezi wa sita na wa saba ndio wakati wa kujaza stoo hapa Tabora. Mahindi yameshakauka, mchele wa Igunga na Nzega umeshuka bei, michembe imeanikwa juu ya mawe, na karanga zimejaa kila genge. Nyumba yenye mtoto mwenye mzio wa karanga inapaswa kuwa macho zaidi kipindi hiki, maana kinachoingia stoo sasa ndicho kitakacholiwa mpaka mvua zichanganye. Yanayosemwa kuhusu jambo hili ni mengi, na mengine yanasemwa na watu wanaotupenda kweli.

"Usinunue karanga, basi, umemaliza."

Hii ndiyo inayoniumiza kichwa kuliko zote, kwa sababu inakaribia ukweli. Mahindi hayana karanga, sawa. Lakini fuatilia safari ya debe moja la mahindi. Gunia uliloletewa huenda juzi lilibeba karanga, na kwenye mishono yake yale maganda mekundu bado yameganda. Ukifika mashineni, mama aliyekutangulia amesaga unga wa lishe: mahindi, ulezi, soya na karanga, vyote pamoja. Unga wako unaotoka mwanzo unasukuma mabaki ya unga wake. Ukirudi nyumbani, unachekecha kwa chekeche la jirani. Hakuna aliyenunua karanga, na mtoto anavimba midomo.

Kwa hiyo anza na vyombo kabla ya chakula. Nunua magunia mapya, au ile mifuko ya PICS yenye tabaka tatu, ambayo pia huua wadudu kwa kuwanyima hewa bila kuweka dawa. Muulize mwendesha mashine, kwa heshima lakini bila aibu, kama anasaga lishe na kwa mashine ipi. Wapo wenye mashine mbili. Kuwaachia wasio na mzio kilo za mwanzo za unga wako kunapunguza mabaki, hakuyamalizi. Kama mtaani kwenu mashine ni moja tu na inasaga kila kitu, afadhali akiba ya mtoto huyo iwe zaidi ya vitu visivyopita mashineni: mchele, makande, michembe, muhogo mtakaoutwanga wenyewe.

Na mtwange kwa kinu chenu. Kinu ni mti, kina nyufa, na karanga zikishatwangwa humo mafuta yake yananywewa na mbao. Huwezi kukiosha kikatakata. Nunua kinu, mchi, ungo na chekeche vya pembeni, vitie alama ya rangi, na wifi akija kuazima mwambie ukweli kwa upole. Vyombo vya bati na plastiki huoshwa kwa sabuni na maji. Maji matupu hayatoshi, na vitakasa mikono vinaua vijidudu tu. Protini ya karanga inabaki palepale kwenye vidole.

"Zikaange sana, sumu itatoka."

Hapa mambo mawili yamechanganywa. Mzio ni kinga ya mwili kuishambulia protini ya karanga kana kwamba ni adui. Karanga yenyewe inaweza kuwa nzima na safi kabisa. Kuikaanga hakusaidii, protini zake huweza hata kuuchokoza mwili zaidi. Kuichemsha hupunguza makali kiasi, lakini si kiasi cha kumpa mtoto mwenye mzio.

Sumukuvu ni jambo jingine. Hiyo ni sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa na unyevu, inaharibu ini, na haichagui mtu. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Kukaanga hakuimalizi nayo. Kinga yake ni kukausha: tia punje za mahindi kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu, tikisa vizuri, kisha acha zitulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado yana unyevu, yarudishe juani, juu ya turubai na si kwenye udongo.

"Mafuta hayana neno."

Inategemea yamekamuliwaje. Mafuta ya karanga yaliyosafishwa sana kiwandani kwa kawaida hubaki karibu bila protini, lakini ya kukamua mtaani bado yanayo. Tena mashine inayokamua alizeti leo huenda jana ilikamua karanga. Kwa stoo yangu ningechagua mawese yanayokuja na treni kutoka Kigoma, kutoka kwa muuzaji anayejua yalikokamuliwa.

"Utaweza wapi? Vyakula hivyo ni vya supamaketi."

Hapana. Ugali, wali, muhogo, viazi na mtama havina karanga, maziwa, mayai wala ngano. Tatizo kubwa liko kwenye biskuti na unga wa lishe wa pakiti, na hizo lebo zisomwe kila unaponunua kwa sababu viungo hubadilishwa. Kwa hesabu ya gramu 400 za nafaka kwa mtu kwa siku, watu watano wanahitaji kilo 60 kwa mwezi, yaani kilo 360 kwa miezi sita. Ni magunia manne yasiyojaa. Ongeza maharage, na dagaa kama hakuna mwenye mzio wa samaki. Wengi wenye mzio wa karanga hula maharage bila shida, ila muulize daktari wa mtoto wako kwanza.

"Mpe kidogo kidogo atazoea."

Kuna utafiti mkubwa wa London uliochapishwa mwaka 2015, ulioonyesha kwamba watoto wachanga wenye hatari ya kupata mzio walioanza kulishwa karanga mapema walipata mzio huo mara chache zaidi. Huo ulihusu kuzuia mzio kabla haujaingia. Mtoto ambaye tayari anavimba au anabanwa pumzi, msimjaribu nyumbani, hata kwa ncha ya kijiko. Bibi anayesema hivi anamtakia mema, ndiyo maana aelezwe mapema, kabla hajaachiwa mtoto.

"Asali inatibu. Au mpe Piritoni."

Asali yetu ni tamu na inakaa miaka, iwekeni stoo. Haitibu mzio, na mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe. Piritoni hupunguza vipele na muwasho, lakini haizuii koo kuziba. Pumzi ikibana, ulimi ukivimba, akitapika mfululizo au akilegea, kinachohitajika ni sindano ya adrenalini, na mapema. Mlaze miguu ikiwa juu, au mkalishe kama anapumua kwa shida, asitembezwe. Walioko mbali na Kitete, hospitali ya mkoa hapa Tabora, kule Sikonge au Kaliua, waulize sasa hivi kituo kipi cha karibu kina adrenalini usiku, na namba ya bodaboda anayeaminika ibandikwe kwenye mlango wa stoo.