Nauli ya kwenda na nauli ya kurudi: nani analipa ukirudisha mzigo ulionunua mtandaoni Uingereza

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu nisomee hapa. Hawa watu wamenipigia hesabu gani?"

Alikuwa ameshika simu, miwani imepanda kichwani. Kwenye kioo kulikuwa na barua pepe ya duka moja la nguo la mtandaoni. Koti pauni 38, kutuma pauni 3.99, jumla pauni 41.99. Koti lilipofika alilijaribu, mabega yakambana, na siku ya tano akawaandikia kwamba halitaki tena. Akalifunga upya, akalipeleka posta, akalipa pauni 4.45 kulirudisha. Duka likamrudishia pauni 38, na chini yake sentensi moja: gharama za posta hazirudishwi.

Yeye alitaka zote mbili, ile ya kuletewa na ile ya kurudisha, yaani pauni 8.44. Duka lilisema hapati hata senti. Kisheria, kila mmoja alikuwa amepatia nusu na kukosea nusu.

Kwenye dawati letu la ushauri wa walaji swali hili linarudi kila wiki, na karibu mara zote chanzo ni kilekile: neno "posta" linabeba pesa mbili tofauti. Ipo nauli ya kwenda, unayolipa wakati wa kununua ili mzigo ukufikie. Ipo nauli ya kurudi, unayolipa kuurudisha mzigo kwa muuzaji. Sheria inazitenganisha, na maduka mengi yanaona faida kuzichanganya.

Tuanze na ya kwenda, maana hiyo ndiyo watu wanayoiacha mezani. Kanuni za Mikataba ya Walaji za mwaka 2013, zilizoanza kutumika Uingereza tarehe 13 Juni 2014, zinampa mtu aliyenunua kwa mbali (mtandaoni, kwa simu, kwa katalogi) haki ya kusitisha mkataba bila kutoa sababu. Sababu ya haki hii inaeleweka na yeyote aliyewahi kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Dukani unashika kitambaa, unavaa, unajitazama kwenye kioo. Mtandaoni unaona picha, basi. Ukisitisha, muuzaji anatakiwa kukurudishia kila ulichomlipa, pamoja na gharama ya kukuletea. Ile sentensi ya "posta hairudishwi", kwa nauli ya kwenda, haina nguvu hata ikiandikwa kwa wino mwekundu kwenye masharti ya duka.

Jambo hili lilipiganiwa mahakamani kabla hata ya kanuni hizo. Kampuni ya Ujerumani iitwayo Heinrich Heine, iliyouza bidhaa kwa njia ya posta, ilitoza euro 4.95 kwa kila oda na kusema pesa hiyo hairudi hata mteja akirudisha mzigo. Chama cha kutetea walaji cha jimbo la Nordrhein-Westfalen kikaishtaki. Hoja ya namna hiyo si ya kijinga: huduma ya usafirishaji imeshafanyika, gari limekwenda, dereva kalipwa, sasa tumrudishie mteja kwa lipi? Shauri likafika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya kule Luxembourg, na tarehe 15 Aprili 2010 majaji wakaamua kwamba mlaji anayesitisha mkataba hawezi kubebeshwa nauli ya kwenda. Walisema gharama hiyo ingemkatisha tamaa asiitumie haki aliyopewa, na kwamba kumtoza ya kwenda juu ya ile ya kurudi ni kumtwisha safari nzima peke yake. Kwa maneno mengine, kila upande ubebe safari moja. Binafsi naona ni mgawanyo wa haki. Mwaka 2011 Umoja wa Ulaya ukaiandika wazi kwenye Agizo la Haki za Walaji, na kanuni za Uingereza zimetokana na agizo hilo. Uingereza ilipojitoa kwenye Umoja mwaka 2020, kanuni zilibaki.

Ila kuna kikomo. Unarudishiwa nauli ya kawaida tu. Kama duka lilikuwa na njia ya kawaida ya pauni 3.99 na wewe, kwa haraka zako za harusi, ukachagua ifike kesho yake kwa pauni 6.99, unarudishiwa 3.99. Pauni tatu za haraka ni zako mwenyewe. Na kama duka lilikuletea bure, hakuna nauli ya kwenda ya kudai.

Sasa nauli ya kurudi. Hapa sheria inamwelekea muuzaji: ukisitisha kwa sababu tu umebadili mawazo au saizi imekataa, gharama ya kurudisha ni yako. Inaacha kuwa yako kwa hali mbili. Ya kwanza, duka limekubali lenyewe kuibeba, kama yale yanayotangaza kurudisha bure. Ya pili wengi hawaijui: kama muuzaji hakukueleza kabla ya kununua kwamba kurudisha ni kwa gharama yako, basi inamwangukia yeye. Kwa hiyo ule ukurasa wa masharti ambao hakuna anayeusoma, siku ya ugomvi usome. Mama yetu tuliufungua pamoja, na duka lilikuwa limeeleza waziwazi. Zile pauni 4.45 zikaishia hapo. Zile 3.99 tukaziandikia barua.

Yote hayo ni kwa mzigo usio na kasoro. Mzigo mbovu una njia yake. Blenda isiyowaka, kiatu kilichoachia soli, shuka la rangi ambayo hukuagiza: hapo tunahama kwenda Sheria ya Haki za Walaji ya 2015. Ndani ya siku 30 unaweza kuikataa bidhaa na kudai pesa yote, na gharama ya busara ya kuirudisha inabebwa na muuzaji. Hata siku 30 zikipita na mkakubaliana itengenezwe au ibadilishwe, posta ya shughuli hiyo ni juu yake. Kwa hiyo ukiwaandikia, taja ubovu tangu mstari wa kwanza. Nimeona watu wenye kitu kibovu wakibofya "nimebadili mawazo" kwenye fomu ya duka kwa sababu ilikuwa ya kwanza kwenye orodha, wakajilipisha nauli isiyowahusu.

Siku nazo zina mahesabu yake. Una siku 14 tangu mzigo ukufikie kumwambia muuzaji kwamba unasitisha. Ukishamwambia, una siku nyingine 14 za kuutuma. Naye ana siku 14 za kulipa, zinazoanza pale anapoupokea au pale unapompa ushahidi kwamba umeutuma, lolote litakalotangulia. Kama hakuwahi kukuarifu kuhusu haki ya kusitisha, muda wako wa kusitisha unaweza kuongezeka hadi miezi 12. Kurudisha kimyakimya hakutoshi. Barua pepe ya mistari mitatu inatosha: namba ya oda, kwamba unasitisha mkataba, na tarehe. Pesa inarudi kwa njia ileile uliyolipia, kadi kwa kadi. Vocha ya kununulia tena dukani kwao si malipo, mpaka wewe mwenyewe uikubali.

Posta omba cheti cha kuthibitisha umetuma. Kwenye kaunta kinatolewa bure, kikaratasi chenye anwani na muhuri wa tarehe. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi mtoa ushauri niliwahi kukitupa changu kwenye pipa la taka nje ya posta pamoja na karatasi ya chokoleti. Wiki mbili baadaye duka likasema halijapokea kitu, nami sikuwa na la kuonyesha.

Muuzaji anaweza kukata pesa kama umekitumia kitu kupita kiasi cha kukikagua. Kipimo ni kile ambacho ungefanya dukani: kuvaa gauni mbele ya kioo ni sawa, kwenda nalo kwenye sherehe na kulirudisha na harufu ya udi si sawa. Vipo pia vitu visivyorudi kabisa, kama vilivyotengenezwa kwa oda yako maalumu, vinavyoharibika haraka, na vya usafi wa mwili vikishafunguliwa lakiri. Lakini maduka hupenda kulivuta hilo la usafi. Mwaka 2019 mahakama ileile ya Luxembourg iliamua kesi ya godoro lililonunuliwa mtandaoni Ujerumani, ambalo mnunuzi alilitoa nailoni ya kulikinga. Duka lilidai haliuziki tena. Mahakama ikasema godoro ni kama nguo, linaweza kusafishwa na kuuzwa, kwa hiyo linarudishika. Nauli tu ya kulisafirisha kurudi ilikuwa imefika euro 95 na ushee, kwa hiyo kwa vitu vikubwa ulizia bei ya kurudisha kabla hujabofya kununua.

Haki hizi ni dhidi ya mfanyabiashara. Ukinunua kwa mtu binafsi anayeuza kabati lake la zamani kwenye soko la mtandaoni, siku 14 huna. Na lipo kundi jingine linalotusumbua siku hizi: duka lenye anwani ya tovuti ya Uingereza na bei za pauni, kumbe ghala liko bara jingine. Ukitaka kurudisha gauni la pauni 15 wanakwambia ulitume huko kwa gharama yako, pauni 20. Hapo uliza swali moja: kabla sijalipa, mliniambia wapi kwamba ningelipia kurudisha, tena huko? Wengi hawana jibu.

Wakikataa, usiishie kubishana na roboti ya kujibu wateja. Andika mara moja ukitaja kanuni za 2013 na kiasi unachodai, kisha nenda benki uombe muamala urudishwe. Kama bidhaa yenyewe ilizidi pauni 100 na haikuzidi 30,000, na ulilipa kwa kadi ya mkopo, kifungu cha 75 cha Sheria ya Mikopo ya Walaji ya 1974 kinaifanya kampuni ya kadi iwajibike pamoja na muuzaji pale alipovunja mkataba. Citizens Advice, shirika la hisani la kuwashauri wananchi, wanatoa ushauri bure.

Barua ya mama ilijibiwa baada ya siku sita. Pauni 3.99 ziliingia kwenye kadi yake bila maelezo yoyote.

Kwa wale wanaonunua vitu vya kupeleka nyumbani, suala ni la siku. Ukiandika anwani ya wakala wa makontena kama mpokeaji, duka litahesabu siku zako 14 tangu wakala aliposaini. Kontena linachukua wiki kadhaa baharini kufika Dar es Salaam au Mombasa, na jamaa yako atakapofungua boksi muda wa kusitisha utakuwa umekwisha, na nauli ya kurudisha itakuwa ya bahari nzima. Ni afadhali mzigo uje kwako kwanza, uufungue, ukague, ndipo uupeleke ghalani. Kama haiwezekani, mwombe kijana wa ghala akate gundi, awashe friji au ashike hiyo nguo juu, akupigie picha siku hiyohiyo.