Champ wa Ziwa Champlain: mnyama wa kale yupo, ila siyo huyo mnaemsema

Kila nikiandika kuhusu samaki wa kale lazima mtu aniulize habari za Champ, lile dude linalosemekana linaishi Ziwa Champlain, kule Marekani, mpakani mwa majimbo ya Vermont na New York. Wengi wanaamini ni plesiosau, reptilia wa baharini wa enzi za dinosau mwenye shingo ndefu, na hoja yao kubwa ni silikanti: kama samaki aliyedhaniwa katoweka tangu enzi za dinosau alivuliwa Afrika Kusini 1938, na wavuvi wetu wa Tanzania wakaanza kumtoa na nyavu 2003, kwanini plesiosau asiwepo?

Hoja ina uzito, ila silikanti anakaa bahari ya kina ambayo haijawahi kukauka. Ziwa Champlain miaka 20,000 iliyopita lilikuwa chini ya barafu nene zaidi ya kilomita moja, hakuna cha ziwa wala samaki. Barafu ilipoyeyuka bahari ikaingia, ndo maana 1849 wajenzi wa reli pale Charlotte, Vermont, walifukua mifupa ya nyangumi. Sawa, nyangumi alifika, lakini plesiosau angetakiwa ajifiche baharini miaka milioni 66 bila kuacha hata jino kwenye miamba, halafu aingie humo, azaane vizazi na vizazi, na aje juu kuvuta pumzi hata ziwa likiganda. Haiwezekani jamani.

Na wale mnaosema mpelelezi Mfaransa Samuel de Champlain aliliona dude 1609, someni alichoandika: samaki ambaye wenyeji walimwita Chaousarou, mdomo mrefu, meno makali, magamba ambayo jambia halipenyi. Huyo ni samaki anaitwa gaa (gar kwa Kiingereza), na yupo ziwani mpaka leo!

Halafu kuna samaki anaitwa stajoni (sturgeon), huyu ndo nampenda kuliko wote. Anaweza kufika mita 2, majike wengine wanavuka miaka 100, mwilini ana safu 5 za vigao vya mfupa, moja iko mgongoni, kwahiyo akipita juujuu unaona nundu zinafuatana. Chini ya pua ana sharubu 4 za kupapasia matope, mdomo hauna meno, unachomoza kama bomba akifyonza konokono. Ukoo wake uliishi na dinosau.

Mwaka 1982 Baraza la Wawakilishi la Vermont lilipitisha azimio la kumlinda Champ. Ila mnyama wa kale wa kweli ni stajoni, na wao walishavuliwa karibu waishe, mabwawa yakawazibia njia mitoni, mpaka uvuvi wao ukapigwa marufuku 1967. Waliobaki bado wanapanda Mto Lamoille na Winooski kutaga.