Kiungo cha Org si lazima kifungue ukurasa

Wengi wanaoandika madokezo katika Org, sehemu ya kihariri cha Emacs inayopanga matini kwa vichwa na vijisehemu, huamini kwamba kubofya kiungo ni kufungua ukurasa au faili tu. Imani hiyo inaeleweka, kwa kuwa kivinjari kimetuzoesha hivyo. Hata hivyo, kiungo cha Org huandikwa ndani ya mabano ya mraba, anwani kwanza na maelezo baadaye, na skrini huonyesha maelezo peke yake. Anwani ikianza na “shell:” au “elisp:”, kinachofuata ni amri ya kutekelezwa kwenye kompyuta yako. Kwa mfano, [[shell:ls][Ratiba ya mikutano]] huonekana kama ratiba, ilhali kazi yake ni kuorodhesha mafaili. Kwa kawaida programu huionyesha amri na kuomba idhini kwanza, na ombi hilo, ambalo wengi wetu hulikubali kwa mazoea bila kulisoma, ndilo kinga yenyewe. Anayetaka kuhakiki atumie amri ya org-toggle-link-display, au afungue faili hilohilo katika kihariri chochote cha matini, ambako kila anwani husomeka wazi.