Je, wajua kwa nini meno ya bandia nayo yahitaji deheni?

Atembeaye ufukweni Matondoni, kisiwani Lamu, bahari ikiwa imekupwa, huenda akakuta mashua imelazwa ubavu na mafundi wakiikwangua mwani na makombe, ili baadaye waipake deheni, ule mchanganyiko wa mafuta na chokaa ambao watu wa pwani wameutumia tangu zamani kuukinga ubao na wadudu wa baharini. Mzee aliyeketi kivulini akiitazama kazi hiyo, iwapo ana meno ya bandia, amebeba kinywani tatizo la jamii hiyo hiyo, kwa kuwa kitu chochote kigumu kikaacho ndani ya majimaji yenye uhai hakikosi kupandwa na viumbe.

Kitako cha meno ya bandia, yaani ule ufizi wa rangi ya waridi unaoshikilia meno, kwa kawaida hutengenezwa kwa akriliki, aina ya plastiki iliyoingia katika kazi hii miaka ya 1930. Upande wake wa nje hung'arishwa hadi ukateleza. Upande unaolalia kaakaa hauguswi, kwa sababu fundi akiusugua hautakaa tena sawasawa mahali pake. Hivyo hubaki na mikwaruzo na vishimo visivyoonekana kwa macho, na ndio upande ambao mate hayapiti vizuri kuuosha. Mwaka 1997 watafiti walikadiria kuwa uso wenye ukwaruzo unaozidi mikromita 0.2, yaani sehemu moja ya 5,000 ya milimita, huanza kukusanya ukoga zaidi, ilhali kuulainisha chini ya kiwango hicho hakuleti nafuu kubwa. Katika vishimo hivyo hujificha bakteria pamoja na kuvu aitwaye Candida albicans, ambaye hulifanya kaakaa liwe jekundu na kuvimba, mara nyingi bila maumivu yoyote, na kwa hiyo mwenye meno hana habari mpaka daktari amwambie afunue kinywa.

Ni rahisi kudhani kwamba dawa ya tatizo hili ni kupaka sumu tu. Kinachosahauliwa ni mate. Dakika chache baada ya meno kuingia kinywani, protini za mate huwa zimekwisha kuyafunika kwa utando mwembamba, na vijidudu vya kwanza hung'ang'ania utando huo, wala si akriliki yenyewe. Kisha wengine huja kuwashika wale wa kwanza, na ukoga ukajengeka tabaka juu ya tabaka. Kwa hiyo mpako wowote hushindana na mate kabla haujakutana na kijidudu hata kimoja.

Njia moja ya kushindana nayo ni kuufanya uso usishikike. Huko Japani ilibuniwa plastiki yenye viungo vinavyofanana na vile vya utando wa chembe hai, ambayo hushika maji kwa nguvu kiasi kwamba protini hukuta tabaka la maji badala ya mahali pa kushikilia. Kwa maoni yangu njia hii ndiyo yenye busara zaidi, kwani haiui chochote wala haitoi kitu cha kumezwa.

Njia ya pili ni kuua. Chembe ndogo sana za madini ya fedha huachia ioni, yaani chembechembe zenye chaji ya umeme, zinazovuruga protini za vijidudu, ila fedha hiyo huweza kuitia akriliki weusi, na ioni zenyewe huisha kadiri zinavyotoka. Kuna pia mipako yenye chaji chanya inayopasua utando wa bakteria anayeigusa. Hii haitoi sumu, lakini maiti za bakteria hubaki juu yake na wanaofuata hukaa juu ya maiti hizo kwa amani. Oksidi ya titani nayo huua inapopigwa na mwanga, hasa wa urujuanimno, na kinywa, kama ijulikanavyo, ni giza. Wenye meli wamekwisha kuonja ubaya wa sumu inayovuja: rangi zenye bati zilizopakwa kwenye meli ziliwadhuru chaza na konokono wa baharini, hata zikapigwa marufuku kwa mkataba wa kimataifa wa 2001, ulioanza kutumika 2008. Kinachovuja kutoka kwenye meno hakiendi baharini, bali tumboni mwa mwenyewe.

Mingi ya mipako hii ingali maabara, na sababu kubwa ni mswaki. Mpako mwembamba usuguliwao kila siku huchakaa, na ukichakaa hapa na pale huacha mabaka yaliyo mazuri kwa kuvu kama ule uso wa mwanzo. Dawa ya meno yenye chembe za kukwangua, au majivu ambayo wengine huyaamini, huongeza mikwaruzo kwenye akriliki iliyopakwa na isiyopakwa vilevile. Ndiyo maana madaktari hushauri sabuni laini na brashi laini, na meno yavuliwe usiku na kuwekwa katika bilauri ya maji, kwa sababu akriliki ikikauka huweza kupinda, na kaakaa nalo lapata saa chache za kuoshwa na mate.