Je, wajua tairi lisilo na tyubu linachomwaje na mwiba bila kuisha upepo?

Usiyeijua mbigili, sukuma baiskeli yenye madumu manne ya maji kwenye vichochoro vya Nkuhungu, Dodoma, mwezi wa Agosti. Mvua zimeshakatika, mmea umekauka, tunda limepasuka vipande vipande, na kila kipande hata kilale vipi kinabakiza ncha ikitazama juu. Jioni moja nilichomoa tisa kwenye tairi la nyuma peke yake. Fundi pancha alipozamisha tyubu kwenye karai, mapovu yakatoka sehemu tatu. Akaniuliza kama nataka viraka kwa bei ya jumla.

Wapo wanaotoa tyubu wakaitupa. Sasa upepo unakaa wapi?

Unakaa ndani ya tairi lenyewe. Tyubu ni mpira mwembamba uliotanuka kama puto. Ikitoboka, upepo unapita kati yake na tairi, unatokea kwenye matundu ya spoku na ya nozeli. Hata mwiba ukibaki umechomeka, haizuii kitu. Bila tyubu, matundu ya spoku yamezibwa kwa utepe usiopitisha upepo na kingo za tairi zimebana rimu barabara. Njia iliyobaki ni kale katundu, nako mwiba wenyewe umekaziba. Ukiuchomoa, maji ya utomvu wa mpira yaliyomiminwa ndani, mililita 100 hivi, yanasukumwa na upepo mpaka pale na kuganda, kama mnyaa wa uani unavyoziba tawi lililovunjika. (Wa mnyaa usiujaribu, ukiingia jichoni ni balaa.)

Mwenye mzigo anafaidi zaidi. Gunia la mkaa likigonga shimo, tyubu hubanwa kati ya rimu na tairi ikatoboka matundu mawili sambamba. Pasipo tyubu, pancha ya namna hiyo hutokea kwa nadra.

Lakini usikimbilie kwa fundi. Rimu za chuma za baiskeli zetu kubwa hazikutengenezwa kwa kazi hiyo: hazina mahali pa kukamata kingo za tairi, na kwa upepo wa kubebea mzigo tairi laweza kuchomoka njiani. Inahitajika rimu na tairi za aina hiyo, pamoja na kompresa, maana pampu ya mkono mara nyingi haifui dafu, kingo zinaporuka na kukaa kwenye rimu utasikia "pa! pa!" Tena ule utomvu una maji, na maji hukauka. Huongezwa kila baada ya miezi michache, na kwa jua la Dodoma ni mapema zaidi.

Yangu ni Phoenix ya zamani, kwa hiyo tyubu imebaki. Nikitoka vichakani nasimama, nainua gurudumu na kulizungusha huku nimelibandika ndala, nizipanguse mbigili kabla hazijazama.